Nyuki wa Kila Jumamosi

Kila Jumamosi, ikishagonga saa nne asubuhi, simu ya Gundi ilianza kulia mfululizo, na mkewe alijua kwamba kwa saa mbili zijazo hana mume. Ana mtu tu aliyekaa mezani, miwani puani, anayecheka peke yake na kupiga paja. Ukimuuliza kitu atakujibu "mm", na ukimuuliza tena atakujibu "mm" nyingine.

Gundi si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwenye kazi ya kujalidi vitabu, kushona kurasa na kuzibandika, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane, mpaka ncha za vidole vyake zikawa ngumu na za rangi ya chai. Walimwita hivyo wenzake wa Wala Vitabu, kundi la marafiki sita waliokuwa wakikutana katika chumba cha kusomea cha mtaa. Chumba kilipofungwa na kugeuzwa ghala la vigae, walihamia kwenye simu. Huko walipendekezeana vitabu na kutaniana, na ukweli ni kwamba utani ulikuwa mwingi kuliko vitabu.

"Jamani," Gundi aliandika siku hiyo, "leo nawaletea kitabu ambacho nina hakika hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukisikia. Kinahusu mwanamke mfungwa aliyefuga nyuki ndani ya gereza. Nilikishona kwa mikono yangu, nikakisoma kabla gundi haijakauka. Kitafuteni."

Kundi likalipuka.

"Nyuki wamerudi!" aliandika Kinyozi, aliyekuwa na banda la kunyolea nyuma ya soko.

"Wiki ya tano hii," aliandika Nesi. "Sasa wametuzoea, hata hawatuumi."

"Faini!" aliandika Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa admini na alijiona rais. "Kinyozi kamnasa wa kwanza. Gundi, lipa!"

Kundi lilikuwa na sheria moja tu. Mtu akirudia kitabu kilichokwisha kutajwa, analipa faini: atamsifia kwa sauti yule aliyemnasa, dakika nzima, bila kupumzika na bila kucheka. Hakuna aliyelipa faini kama Gundi. Aliisogeza simu mdomoni, akakohoa kidogo, akaanza.

"Ewe Kinyozi, bingwa wa wembe, vichwa vikikuona vinainama vyenyewe! Wewe uliyemnyoa bwana harusi upande mmoja umeme ukakatika, na bibi harusi akamkubali kwa upande uliobaki! Wewe ambaye mteja akiingia na masikio mawili hutoka nayo yote, siku ukiwa umelala vizuri..."

Mkewe alikuwa akipiga pasi karibu na dirisha. Alicheka mpaka akaiweka pasi kando asije akaunguza shati. Simu ililia na kulia, vikatuni vya kucheka machozi vikamiminika, Nesi akasema amelazimika kutoka wodini, wagonjwa wasimshangae.

Gundi aliiweka simu mezani. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini macho yalikuwa yamehama.

"Mama," alimwambia mkewe, "hivi hicho kitabu niliwahi kuwaambia?"

"Acha zako," mke alisema. "Faini nimeisikia mimi hapa."

"Nauliza tu. Wamesema faini, nami nikalipa. Nimeona aibu kuuliza ya nini."

Mke aligeuka. Alimtazama mtu aliyeishi naye miaka arobaini, akitafuta ule mkunjo mdogo wa pembeni mwa mdomo ambao humtoka anapotania. Haukuwepo.

*

Gundi alipoingia kuoga, mke aliichukua simu. Hakuwa na desturi ya kupekua simu ya mumewe, na alijiona kama anaiba. Alirudi nyuma Jumamosi moja, kisha nyingine, kisha nyingine. "Jamani, leo nawaletea kitabu ambacho nina hakika hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukisikia." Maneno yale yale, koma kwa koma. Chini yake vicheko, faini na sifa. Sifa ndizo zilizokuwa mpya kila wiki, na ndizo zilizowadanganya wote. Nani angedhani kwamba mtu mwenye ulimi mwepesi namna ile amesahau alichosema siku saba zilizopita?

Mke mwenyewe alikuwa ameona mambo, tena mengi. Aliona miwani ndani ya jokofu, akacheka. Aliona mume amesimama katikati ya chumba na soksi moja mkononi, akamwambia uzee huo. Siku mbili alimkuta amefunga furushi la magazeti kwa uzi, kingo sawasawa, tayari kupelekwa kazini, kazi aliyoiacha miaka sita nyuma. Hilo hakumwambia mtu.

Binti yao, muuzaji wa duka la dawa, alikuja jioni na kusikiliza yote akiwa amesimama, mkoba ungali begani.

"Kesho kutwa tunampeleka hospitali," alisema.

"Atakubali?"

"Tutamwambia ni macho."

Hivyo ndivyo walivyompeleka, kwa uongo wa macho.

*

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimtajia Gundi maneno matatu, kiti, ndizi na ufunguo, akamwambia ayaweke akilini. Kisha akamuuliza mwezi, akamuuliza mwaka, akamwambia ahesabu kutoka mia akirudi nyuma kwa saba saba. Gundi alifika themanini na sita, akapotea, akasema hata alipokuwa shuleni alikuwa akiishia hapo hapo.

"Sasa yale maneno matatu," daktari alisema.

Gundi alitazama dari. Alimtazama mkewe, na mke alitazama sakafu. Angeweza kumpa maneno yale, yalikuwa yamejaa mdomoni mwake: kiti, ndizi, ufunguo.

"Daktari," Gundi alisema hatimaye, "vitu vyako umevipoteza mwenyewe, halafu unanisingizia mimi."

Daktari alicheka kwa heshima, akaandika. Kisha akamgeukia mke. "Anakula mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Chooni je?"

"Mimi nipo hapa," Gundi alisema.

"Samahani, mzee," daktari alisema, akaendelea kumuuliza mke.

Ugonjwa aliwatajia, akawaelezea kwamba hautarudi nyuma, ila kuna vidonge vya kuuchelewesha kidogo kwa baadhi ya watu. Gundi alisikia kila neno. Alishika kofia yake kwa mikono miwili na kuitika "ndiyo, ndiyo", kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

"Kitu kimoja kinasaidia kuliko vidonge vyangu," daktari alisema wakiwa mlangoni. "Msimwache peke yake. Ana marafiki?"

"Wapo," mke alisema. "Kwenye simu."

"Wanapiga soga?"

"Hawana kazi nyingine."

"Basi mama, hiyo ishikilie. Soga, ubishi, utani. Siku akianza kukaa kimya ndipo mtakapoona anakwenda haraka."

Nyumbani Gundi alilala usingizi wa mchana. Alipoamka aliuliza kwa nini wote wamevaa viatu vya kutokea.

*

Jumamosi iliyofuata mke alikaa naye mezani. Hakupiga pasi wala hakumenya chochote. Alikuwa amejiapiza kwamba atanyamaza, maana daktari alisema ishikilie, na yeye ataishikilia hata kama itamuunguza.

"Jamani," Gundi aliandika, "leo nawaletea kitabu..."

"Nyuki!" walipiga kelele wote kwa pamoja, kama inavyowezekana kupiga kelele kwa maandishi. Safari hii Mwalimu ndiye aliyemnasa, akasifiwa kwa kuwafundisha watoto ramani ya dunia huku mwenyewe akipotea kwenda chooni. Nesi akasema anataka hizo sifa zichapishwe. Kisha Kinyozi, ambaye hakupenda kupitwa, akaandika:

"Gundi, ndugu yangu, kazi imekurudia. Kurasa za kichwa chako zimegandana. Njoo bandani nizipasue kwa wembe."

Gundi alicheka kuliko wote. Alimwonyesha mkewe ile simu, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Umesoma? Kurasa zimegandana! Huyu mshenzi ana akili!"

Mke alisema amesoma. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akafungua bomba maji yakapiga sufuria kwa kelele, akalia. Hakuwa na hasira na Kinyozi. Kinyozi hakujua. Lakini kumwona mtu anachekeshwa na kidonda chake mwenyewe, na kumwonyesha mwenzake kwa fahari, kulimshinda.

Alikaa na hilo siku mbili. Siku ya tatu aliandika ujumbe kwa kidole kimoja, akaufuta, akauandika tena, akamtumia kila mmoja wao peke yake: "Mimi ni mke wa Gundi. Mume wangu hafanyi mzaha na kile kitabu. Anasahau. Tumeambiwa na daktari. Nawaomba msimcheke."

Majibu yalikuja haraka, na yalikuwa mazuri mno. Nesi aliomba radhi mara tatu katika mistari minne, akasema yeye ndiye angepaswa kuona mapema. Mwalimu alipiga simu, akashindwa kuongea, akakata, akapiga tena. Kinyozi hakujibu kabisa.

Binti alipoambiwa alishika kichwa. "Mama, daktari si alisema utani usikatike?"

"Sikuwaambia waukate. Nimewaambia wasimcheke."

"Na utamtaniaje mtu bila kumcheka, mama?"



*

"Jamani, leo nawaletea kitabu ambacho nina hakika hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukisikia."

Dakika nne zilipita. Gundi aliifuta skrini kwa pindo la shati.

"Asante sana, mzee wetu," Nesi aliandika. "Kinaonekana kizuri."

"Tutakitafuta, mzee wetu," aliandika Mwalimu. "Mungu akujalie afya njema."

Kinyozi aliweka viganja viwili vilivyoshikana kama vya mtu anayesali, basi.

Gundi alisoma, akarudia kusoma. "Mzee wetu," alisema. "Mwalimu ananiita mzee. Mwalimu! Kanizidi miaka minne na meno yake yote ni ya dukani." Akaandika hayo hayo, neno kwa neno, akasubiri mvua ya matusi.

"Ha ha, kweli kabisa, mzee wetu," Mwalimu alijibu.

Gundi aliiweka simu taratibu, akauliza: "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Kafa mtu, mama. Watu hawaongei hivi bila msiba. Mnanificha."

Siku hiyo hakula mchana. Cha ajabu, na hiki ndicho kilichomtesa mkewe kuliko vyote, ni kwamba kufikia Jumanne alikuwa amesahau ujumbe wote, alisahau alichoandika na alichoandikiwa, ila huzuni haikusahaulika. Ilibaki ndani yake bila sababu, akizunguka nayo nyumbani, akifungua makabati na kuyafunga. "Kuna kitu nimewakosea watu," alisema. "Sijui ni kina nani." Jumamosi nyingine ikaja, nyuki wakatoka, na adabu ikawapokea. "Asante, mzee wetu." Jumamosi nyingine tena. Alianza kuandika kidogo. Faini hakuna aliyeidai.

*

Mke alikwenda kwenye banda la Kinyozi Ijumaa asubuhi. Kulikuwa na mteja kitini, povu nusu uso. Kinyozi alipomwona alishusha wembe.

"Shemeji. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukuomba umtanie mume wangu."

Mteja alifungua jicho moja.

"Shemeji," Kinyozi alisema kwa sauti ya chini, "wewe si ndiye uliyeandika..."

"Ni mimi. Nilikosea. Mtukane, mcheke, mwambie kurasa zimegandana. Mwambie chochote."

Kinyozi alijifuta mikono kwa taulo, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa mikavu. "Unajua nimeandika mara ngapi nikafuta? Kila nikianza naona uso wake. Zamani nilikuwa namtupia tu, kama mpira, najua ataudaka. Sasa nauangalia mpira, nauangalia mtu, mkono haunyanyuki. Yale maneno ya kurasa, shemeji, sijalala vizuri tangu uliponiambia."

"Kwa hiyo mtamnyamazia mpaka lini?"

"Hatumnyamazii. Tunamjibu."

"Mnamjibu kama wageni."

Mteja kitini alisema povu linakauka. Kinyozi alichukua wembe, akaushika bila kuutumia. "Nitajaribu," alisema. "Kesho nitajaribu."

Alijaribu kweli, maskini. Gundi alipotoa nyuki wake, Kinyozi aliandika: "He he, Gundi na nyuki wako, utatuua kwa kicheko wewe mzee mtundu!" Chini yake, bila shaka kwa kupangana, Nesi na Mwalimu wakamwaga vikatuni vya kucheka, kila mmoja vitatu.

Mke alimwangalia mumewe akisoma. Gundi alivua miwani.

Kwa miaka thelathini na minane, kitabu kilipoletwa mbele yake, alikifungua katikati, akakibonyeza mgongo kwa kidole gumba, na bila kuangalia uzi alijua kama kimeshonwa au kimebandikwa tu. Cha kubandikwa hakidumu, kurasa hudondoka mkononi mwa msomaji wa tatu.

"Huu utani umebandikwa," alisema. "Haukushonwa."

Alivaa miwani, akaandika polepole: "Nyie, mmeambiwa nini juu yangu?"

Juu ya skrini ilionekana kwamba Kinyozi anaandika. Ikapotea. Mwalimu anaandika. Ikapotea. Nesi anaandika, akaandika muda mrefu sana, na hakikutoka kitu.

Gundi alimgeukia mkewe. Siku hiyo akili yake ilikuwa safi kama zamani, na huo ndio ulikuwa ubaya wake.

"Ni wewe uliyewaambia."

"Ni mimi."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba unaumwa."

"Naumwa nini?"

Mke alifikiri anamtega. Kisha akaona kwamba hapana, anauliza kweli. Chumba cha daktari, kofia mikononi, zile "ndiyo, ndiyo", vyote vilikuwa vimefutika, na sasa ilimpasa kumwambia mumewe habari hii kwa mara ya kwanza kwa mara ya pili. Alisogeza kiti chake karibu. Alimtajia ugonjwa kwa jina lake. Alimweleza kwamba hautarudi nyuma.

Gundi alisikiliza mpaka mwisho. "Na wote wale wanajua?"

"Wanajua."

"Wameijua kabla yangu."

Mke hakusema kwamba na yeye Gundi aliijua, kwamba aliambiwa siku ile ile, akiwa amekaa mbele ya daktari. Ingemsaidia nini?

Gundi aliandika ujumbe wa mwisho bila kuharakisha, akiweka nukta mahali pake: "Ndugu zangu, nimeelezwa. Sina kinyongo. Lakini mimi niliingia humu kutaniwa, sikuingia kuombewa. Someni salama." Kisha akabonyeza anapojua pa kubonyeza, na kwenye simu za wale watano ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Gundi ametoka kwenye kundi.

*

Mwalimu alimpigia mke Jumatano. "Mimi ndiye admini. Naweza kumrudisha sasa hivi, ni kugusa tu."

"Mkimrudisha, mtamtania?"

Mwalimu alipumua kwenye simu. Alikuwa mtu mkweli, na hilo lilimchelewesha. "Tutajaribu, shemeji."

"Subirini kwanza," mke alisema. Alikuwa ameshaona kujaribu kwao. Binti alimwambia amekosea tena, kwamba marafiki wa adabu ni afadhali kuliko kukosa marafiki. Huenda binti alikuwa sahihi. Mke hakujua tena lipi ni sahihi. Kila alichokishika kwa nia njema kilimvunjikia mkononi.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano, Gundi alivuta kiti, akafuta miwani, akaiweka simu mbele yake mezani. Alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe, vizuri tu. Mke alisimama mlangoni, akaelewa: mume wake hakumbuki kwamba alitoka kwenye kundi.

Saa nne ikagonga. Simu ilikuwa kimya.

"Leo wamechelewa hawa," Gundi alisema.

"Eh."

Robo saa ikapita. Aliinua simu, akaitikisa kidogo, akaiweka tena. Mke angeweza kumwambia. Angekaa karibu yake kama wiki iliyopita, amtajie ugonjwa, amtajie marafiki, amuue tena kwa habari ile ile, na Jumamosi ijayo tena, na nyingine.

"Mtandao unasumbua leo," alisema. "Hata binti alikuwa akilalamika."

"Ahaa." Gundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mke alishusha pumzi, akavuta kiti akakaa upande wa pili wa meza. Kisha Gundi akainama juu ya simu, akachungulia pale juu kabisa penye alama ndogo ndogo, akaigeuza ili na yeye aone.

"Mbona umejaa?" alisema. "Tazama, vijiti vyote vinne." Hakuwa akimshtaki. Alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo wa kumdanganya. "Mtandao upo, mama. Wamenichoka tu."

Mke alitaka kumwambia kwamba hakuna aliyemchoka, kwamba wanampenda, na kwamba kupenda huko ndiko kulikowafunga midomo. Lakini kusema hivyo ni kuanza kusema yote. Alibaki akivitazama vile vijiti vinne mpaka simu ikazima mwanga wake yenyewe.